Nguvu Isiyo na Shahidi

Mkanda wenyewe hauna sura ya kutisha. Ni kipande cha mpira chenye urefu wa mita moja na nusu hivi, chembamba kama utepe, chenye unga mweupe unaobaki vidoleni kinapokuwa kipya. Ukikunjwa unaingia mfukoni pamoja na funguo. Ukining'inizwa kwenye bawaba ya mlango wa chumbani, mgeni atadhani ni kamba ya kuanikia taulo. Hakuna atakayeutazama akasema kwamba humu ndani anaishi mtu mwenye nguvu.

Chuma hakina aibu hiyo. Katika jimu za uswahilini, ambako makopo yaliyojazwa zege huchomekwa kwenye ncha mbili za bomba yakawa vyuma vya kunyanyulia, mtu husikika kabla hajaonekana: mguno, kishindo cha mzigo ukirudi chini, na sauti za wenzake wakimhesabia. Kioo kipo, macho yapo, na kilo zinajulikana. Aliyenyanyua 80 wiki iliyopita na leo akafikisha 85 ana la kusimulia kijiweni. Aliyetoka kwenye mpira mwekundu akahamia wa kijani atamsimulia nani, na aanzie wapi?

Ndiyo maana mikanda ya mpira kwa muda mrefu imeonekana kuwa mambo ya wagonjwa na wazee, kitu cha chumba cha fiziotherapia, kisichomfaa anayetaka misuli. Dharau hiyo ina swali ndani yake, na swali lenyewe si la afya peke yake. Nguvu ni nini hasa? Ni mzigo ulioinuliwa mbele za watu, au ni kile kinachobaki mwilini hata kama hakuna aliyekiona kikiingia?

Epictetus alilijibu swali hilo karibu miaka 1,900 iliyopita, tena kwa mzaha. Huyu alizaliwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaishi Roma akiwa na mguu mbovu, na baada ya kupata uhuru wake akafungua shule ya falsafa huko Nikopolis, Ugiriki. Alipowaona wanafunzi wakijisifu kwa vitabu walivyomaliza kuvisoma, aliwapa mfano wa mwanariadha. Mtu akiambiwa aonyeshe mabega yake, naye badala ya kuvua shati akaleta vizito anavyofanyia mazoezi, amejibu nini? Vizito na abaki navyo mwenyewe. Yaliyoulizwa ni mabega.

Vizito alivyovitaja vilikuwa vile vya jiwe au vya madini ambavyo Wagiriki walivishika mikononi wakati wa kuruka. Maana yake ni kwamba ugomvi kuhusu vifaa haukuanza leo.

Seneca, tajiri wa Kirumi aliyewahi kuwa mwalimu wa Kaisari Nero, alikwenda mbali zaidi. Katika barua yake ya 15 kwa rafiki yake Lucilius aliona ni upuuzi kwa mtu msomi kumaliza siku zake akitanua shingo na mikono, kwa sababu hata afanye nini hatamfikia ng'ombe dume aliyenona, si kwa uzito wala kwa nguvu. Hakukataza mazoezi. Alipendekeza yale mafupi na mepesi kuyajua, yanayouchosha mwili haraka, kisha mtu arudi upesi kwenye kazi ya akili. Mwenye mkanda wa mpira na dakika 20 kabla ya kwenda kibaruani angeelewana naye vizuri.

Sayansi ya misuli imekuja kuwaunga mkono wazee hao kwa njia ambayo hawakuitarajia. Msuli hauna macho. Haujui kama kinachoukaza ni chuma, ndoo ya maji au mpira. Unachojua ni kwamba nyuzi zake zimekazwa na kuchoshwa, na kwamba zinapaswa kujengwa upya zikiwa imara zaidi. Mwaka 2019 jarida la SAGE Open Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zilizolinganisha mazoezi ya mpira na yale ya vyuma na mashine. Waandishi wake hawakuona tofauti ya maana katika nguvu iliyopatikana, iwe ya mikono au ya miguu.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko nje ya dunia. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chuma cha kilo 100 kinaelea kama unyoya, na anayekinyanyua hapati kitu. Wanaanga wa mwanzo wa kituo hicho walifanya mazoezi kwa kifaa chenye mpira ndani ya makopo mawili, kilichotoa ukinzani wa hadi kilo 136 hivi. Kiliwasaidia, lakini mifupa yao iliendelea kupungua, na mwaka 2008 kikapelekwa kifaa kingine chenye mitungi ya ombwe kinachofikia kilo 272. Kwa hiyo mpira una mpaka wake, na anayeutetea hana haja ya kuuficha. Anayetaka ubingwa wa kunyanyua vyuma itambidi anyanyue vyuma.

Lakini kati ya chuma na mpira ipo tofauti moja ambayo msuli hauijali, ila mwenye kufikiri anapaswa kuijali. Chuma ni kizito kabla mtu hajafika. Kimelala sakafuni na kilo zake 20, na zitabaki 20 awepo asiwepo, kwa sababu kinachokivuta chini ni dunia. Mpira ukining'inia mlangoni haumpingi mtu yeyote. Ukivutwa kidogo, unavuta kidogo. Mkanda mwekundu wa aina inayotumika sana katika vyumba vya fiziotherapia, ukifikishwa mara mbili ya urefu wake, unarudisha karibu kilo 1.7; ukifikishwa mara tatu, zinakuwa 2.5. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba nguvu ya springi hulingana na kiasi ilichovutwa. Mpira hauifuati kanuni hiyo kwa unyoofu, lakini tabia inafanana: ugumu anaokutana nao mtu ni ule alioutia mwenyewe.

Jambo hilo linaonekana vizuri mtu anapoukanyaga mkanda kwa miguu yote miwili, akashika ncha zake na kukunja viwiko. Mwanzo ni rahisi hadi anajishuku. Ngumi zikifika usawa wa mbavu, mpira unaanza kukataa. Zikikaribia mabega, mikono inatetemeka na pumzi inakatika. Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huikimbia, nayo ni kuurudisha. Chuma kikiachiwa kinaanguka kwa kishindo na kila mtu anageuka. Mpira ukiachiwa unarudi kimyakimya, upesi, na aliyeuachia amejinyima sehemu kubwa ya faida, kwa kuwa msuli hujengwa pia pale unaporefuka huku ukizuia. Wa kumkaripia hayupo. Aliyedanganya na aliyedanganywa ni mtu mmoja.

Kisha kuna suala la kiasi. Hadithi inayopendwa na makocha ni ya Milo wa Croton, mwanamieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, anayesimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Inafundisha kuongeza mzigo kidogo kidogo, na mafundisho hayo ni sahihi. Aristotle alimtumia Milo kwa somo jingine. Katika kitabu chake cha maadili kwa Nikomako anaeleza kwamba chakula kilicho kidogo kwa Milo kitamzidi anayeanza mazoezi. Kwa hiyo wastani anaoutafuta mwenye busara haupatikani kwa kugawa namba kwa mbili. Hupatikana kwa kumtazama mtu mwenyewe, hali yake na siku yake.

Mikanda ya mpira imelichukua somo hilo ikalitia rangi. Njano, nyekundu, kijani, bluu, nyeusi, fedha, dhahabu: katika mpangilio huo unaotumika sana, kila moja ni ngumu kuliko iliyotangulia. Njano humfaa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa bega, na dhahabu humfaa mwenye mapaja ya mchezaji kandanda. Mtu huyohuyo anaweza kuhitaji nyeusi kwa miguu na nyekundu kwa mabega jioni ileile, wala hajashuka cheo. Anayeona haya kushika njano amezifanya rangi kuwa kilo.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshapata pingamizi lake. Mama anayetembea kilomita mbili na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20 ukiacha ndoo yenyewe, anahitaji mpira wa nini? Hamali wa Kariakoo aliyebeba magunia tangu alfajiri aambiwe apige tizi jioni? Je, mazoezi si anasa ya watu ambao wengine wanawafanyia kazi nzito?

Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake si jepesi. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya 190,000. Ulionyesha kwamba wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wanaume wenye kazi nyepesi, ilhali mazoezi ya wakati wa mapumziko yanajulikana kurefusha maisha. Watafiti wengine wameupinga, wakisema kinachoonekana katika takwimu hizo ni umaskini na mazingira ya maisha zaidi kuliko kazi yenyewe. Wataalamu na waendelee kubishana. Hamali anaijua tofauti bila takwimu: gunia halimsikilizi. Halipungui siku anayoumwa mgongo, halimsubiri apone, wala halihami bega kwa sababu bega limechoka. Mpira humsikiliza anayeuvuta. Akiona leo mwili haupo, anasogea hatua moja karibu na mlango na ugumu unapungua.

Tena mpira una historia yake katika jambo hili la kazi ya kulazimishwa. Kati ya mwaka 1885 na 1908, Kongo ilipokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kuingia porini kugema utomvu wa mimea itambaayo. Walioshindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Ripoti ya mwaka 1904 ya Roger Casement, mwakilishi wa Uingereza huko Kongo, ilisaidia kuitangaza habari hiyo duniani. Mikono iliyoutoa mpira ule porini haikukosa nguvu. Ilikosa hiari.

Nelson Mandela aliibeba mizigo yote miwili, wa amri na wa hiari, juu ya mwili mmoja. Katika kisiwa cha Robben, mchana alichimba chokaa machimboni kwa amri ya askari magereza. Asubuhi, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, alikimbia papo hapo ndani ya chumba chake cha gereza kwa muda uliofika dakika 45, akapiga pushapu 100 kwa ncha za vidole, akainua kiwiliwili kutoka sakafuni mara 200, na kuchuchumaa na kuinuka mara 50. Aliwahi kuwa bondia wa ridhaa, na hiyo ndiyo ratiba aliyotoka nayo uraiani. Hakuwa na chuma wala mpira. Mikono iliyochimba chokaa ndiyo iliyopiga pushapu, na huenda misuli haikuona tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa ni nani ameamua.

Dini zimeujua ugumu wa hiari kwa karne nyingi. Njaa ya mfungaji wa Ramadhani saa kumi jioni na njaa ya asiyekuwa na unga nyumbani, tumboni ni njaa moja. Kinachozitenga ni nia. Wanazuoni wa Kiislamu wameisifu saumu kuwa ibada iliyo mbali na ria, yaani kujionyesha kwa watu, kwa sababu haina umbo la kuonekana: anayefunga na ambaye bado hajala wanafanana machoni pa watu. Mkristo naye huambiwa wakati wa Kwaresima kwamba akifunga asikunje uso ili watu wamjue.

Mapokeo ya Kiislamu hayaudharau mwili. Katika mkusanyiko wa Imam Muslim imepokewa kwamba muumini imara hupendwa zaidi na Mungu kuliko aliye dhaifu, na hapohapo dhaifu naye akahesabiwa kuwa na kheri. Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, alikumbushwa na Mtume kwamba hata mwili unamdai haki yake. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka mpaka upande wa pili kwa mfano wa mtu anayekwenda Makka. Mwili ni ngamia wake. Asipomlisha, safari imekwisha. Lakini akishinda anamlisha na kumpamba, msafara utamwacha na jangwa litammaliza.

Paulo anaonekana kusimama kila upande wa mpaka huo. Kwa Wakorintho anajifananisha na mkimbiaji na mpiga ngumi anayeutiisha mwili wake. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mazoezi ya mwili yanatajwa kuwa na faida ndogo yakipimwa na utauwa. Wenye vitambi wameupenda sana mstari huo wa pili, ingawa faida ndogo bado ni faida.

Ukiyaweka maneno haya pamoja, mkanda wa mpira unapata heshima yake. Ni kifaa ambacho hakina cha kumwonyesha jirani, kinachompa mtu ugumu alioutaka tu, na kinachoweza kusogezwa kulingana na haki ya mwili wa siku hiyo. Hata hivyo mpira hautakasi mtu. Anayetaka sifa atajipiga picha nao, na mnyanyua vyuma anaweza kuwa mnyenyekevu kuliko watu wote wa mtaa wake. Eugen Sandow, nyota wa maonyesho ya misuli aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, alikuwa akiuza kifaa cha kamba za mpira cha kufanyia mazoezi nyumbani, na wengi walikinunua wakitumaini kufanana na picha zake. Ria haichagui kifaa.

Linabaki swali la nguvu ya nini. Kwa Mwislamu, jibu moja liko sakafuni. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 na sijda 34. Kwa hesabu ya mapaja na magoti, mtu hushuka kutoka kusimama hadi chini mara 17 kwa siku na kuinuka mara 17, kabla ya kuhesabu sunna. Katika misikiti mingi sasa viti vimepangwa pembeni mwa safu. Sheria imetoa wepesi: asiyeweza kusimama asali ameketi, na hakuna wa kumsuta. Kanisani nako wapo wanaobaki kwenye benchi wengine wanapopiga magoti. Wengi wao ni wagonjwa. Wengine waliletwa kitini na miaka 20 ya mapaja yasiyopewa kazi.

Kupungua kwa misuli kwa sababu ya umri madaktari wanakuita sakopenia, na si hukumu isiyo na rufaa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliripoti katika jarida la JAMA habari za wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliofanyishwa mazoezi makali ya nguvu ya miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka kila mtu mzima aipe misuli yake mikubwa mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na waliotimiza miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu pamoja na ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi.

Anayetaka kuanza na aanze na kiti. Keti kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono yako kifuani, kisha simama na kuketi kwa sekunde 30 ukihesabu. Kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi ya afya ya umma ya Marekani, CDC, mwanamume wa miaka 65 hadi 69 asiyefikisha mara 12, au mwanamke wa umri huo asiyefikisha 11, yuko chini ya wastani na ana hatari ya kuanguka. Tafuta mkanda mwepesi. Ukague kama una nyufa kabla ya kila zoezi, maana mpira mkavu hukatika na kuruka machoni, na mwenye maradhi ya moyo au viungo amwone daktari kwanza. Ukanyage, shika ncha zake usawa wa mabega, chuchumaa na kuinuka, polepole kushuka kama kupanda. Baada ya miezi miwili kirudie kile kiti, mlango ukiwa umefungwa, uhesabu mwenyewe.